Woga wa Kiingereza Darasani, na Mashine Isiyocheka

Kila mwaka, mwezi wa Januari, maelfu kwa maelfu ya watoto wa Tanzania huingia kidato cha kwanza. Wengi wao hutoka katika shule za msingi za Serikali, ambako kwa miaka yote wamefundishwa hesabu, sayansi na maarifa mengine kwa Kiswahili, na Kiingereza kimekuwa somo moja tu kati ya masomo. Kwa muda wa likizo moja mambo yageuka. Bayolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza. Hata ruhusa ya kwenda kunywa maji sharti iombwe kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari wa kunyosha mkono katika darasa la saba huonekana mwezi wa Februari ameinamisha kichwa, akiomba kimoyomoyo kwamba jicho la mwalimu limpite.

Siku hizi yasemwa kwamba dawa ya kichwa hicho kilichoinama imepatikana. Tangu kampuni ya Kimarekani ya OpenAI ilipotoa programu ya ChatGPT kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, walimu wa Kiingereza wa nchi nyingi wameanza kuitumia akili mnemba, ile iundayo maandishi mapya kwa kuombwa. Hawaitumii kwa kutungia mazoezi peke yake. Waitumia pia kwa kutuliza nyoyo: kumwondolea hofu mwenye hofu, kumpa moyo aliyekata tamaa, na kumpunguzia hamaki mwalimu aliyechoka. Jambo hili latuhusu kuliko linavyowahusu wengine wengi, kwa sababu kwetu Kiingereza ndicho mlango wa masomo karibu yote ya sekondari. Mtoto anayekiogopa Kiingereza huko Japani yumo hatarini kupoteza somo moja. Anayekiogopa hapa yumo hatarini kupoteza yote. Basi yatupasa tuitazame dawa hii kwa macho mawili, jicho la kuona faida na jicho la kuona hatari.

WOGA HUU NI KITU GANI?

Wataalamu wa elimu wameushughulikia woga huu kwa muda mrefu. Mwaka 1986 wataalamu watatu wa Marekani, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope, waliandika kwamba woga wa lugha ya kigeni darasani ni kitu cha pekee, tofauti na wasiwasi wa kawaida wa shule. Wakatunga kipimo chenye kauli 33 ambazo mwanafunzi huulizwa kama anazikubali au anazikataa, na wakauhusisha woga huo na hofu tatu: hofu ya kusema mbele ya watu, hofu ya mtihani, na hofu ya kudharauliwa na wasikilizaji. Kabla yao, Stephen Krashen alikuwa ameeneza wazo lililo mfano wa pazia la moyo: ya kwamba hofu ikizidi pazia hushuka, na maneno ayasikiayo mwanafunzi hayapenyi ndani, hata yakisemwa vizuri namna gani. Wazo hilo limepingwa na wengine kwa kuwa ni gumu kulipima. Lakini mwalimu aliyesimama mbele ya darasa lililonyamaza hahitaji kipimo ili kulifahamu.

Kwa nini kosa la Kiingereza huumiza kuliko kosa la hesabu? Anayekosea hesabu amekosea juu ya karatasi. Anayekosea kusema amekosea kwa kinywa chake, mbele ya wenzake, na kosa hilo halifutiki kwa kifutio. Mtoto mcheshi, mwenye vitendawili na mafumbo katika lugha yake, ghafla ajikuta hana maneno ya kujieleza zaidi ya mtoto wa miaka mitatu. Anavuliwa heshima yake hadharani, naye huamua kama ambavyo mtu mzima yeyote angeamua: kufunga mdomo.

Na makosa yenyewe mara nyingi hayatokani na ujinga. Tutoe mfano. Kiswahili kina neno moja, “yeye”, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiingereza kina mawili, “he” na “she”. Mwanafunzi akisimulia habari za mama yake kwa “he”, darasa zima huangua kicheko, naye huketi akijiona mpumbavu. Kumbe kosa lake ni la mtu mwenye akili aliyetumia kanuni za lugha aijuayo vema. Vivyo hivyo katika kusoma. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza kina herufi nne, “ough”, ambazo katika “though” husomwa hivi, katika “through” vingine, na katika “cough” vingine tena. Mtoto aliyelelewa katika lugha isiyomdanganya macho hawezi kulaumiwa kwa kujikwaa hapo. Mwalimu akimweleza hayo mapema, sehemu kubwa ya aibu huondoka kabla ya somo kuanza.

AIBU ILIYOPANDWA

Aibu hii haikuota yenyewe kama magugu. Ilipandwa na kumwagiliwa maji. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alisimulia jinsi mtoto wa Kenya wakati wa ukoloni, akikamatwa anasema Gikuyu shuleni, alivyochapwa au kuvishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumwita mpumbavu au punda. Watoto walipokezana kifungo kwa siku nzima, kila mmoja akimpa mwenzake aliyemsikia akisema lugha ya nyumbani, na jioni mwenye kifungo alimtaja aliyempa, naye akamtaja wa kabla yake. Hivyo mtoto alifundishwa mambo mawili kwa wakati mmoja: kuionea haya lugha ya mama yake, na kumsaliti mwenziwe.

Ukoloni umekwisha, lakini kibao hakijaisha. Zingaliko shule katika Afrika ya Mashariki ambazo mwanafunzi akiteleza akasema Kiswahili huvishwa kibao, au hutozwa faini, au hupigwa. Walimu wafanyao hivyo hawana nia mbaya. Wataka watoto wafaulu. Lakini ni nani aliyewahi kuipenda lugha iliyofundishwa kwa fimbo?

Wala tusisahau historia ya lugha ya kufundishia katika Tanzania. Kiswahili kilifanywa lugha ya shule za msingi mwaka 1967. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta, ilishauri kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari tangu Januari 1985. Ushauri huo haukufuatwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza shuleni wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwatosha kufahamu masomo yao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote. Pamoja na hayo yote, sekondari zetu zaendelea kufundisha kwa Kiingereza.

Twayataja haya kwa sababu moja. Isije ikadhaniwa kwamba woga wa mtoto ni ugonjwa wake binafsi, unaotaka kutibiwa na mashine pembeni, huku sisi watu wazima tukiendelea na mambo yetu. Mtu akitetemeka kwa baridi, ni vizuri kumfunika blanketi. Lakini ni vizuri zaidi kuuliza nani ameacha mlango wazi.

MASHINE YENYEWE

Akili mnemba ya aina hii haina moyo, wala haifikiri kama mwanadamu afikirivyo. Imelishwa maandishi mengi mno, na ya Kiingereza ndiyo mengi kuliko ya lugha nyingine yoyote, nayo imejifunza kukisia neno lipi lafaa kufuata neno lipi. Ukiiandikia, hukupangia maneno yaelekeayo kufuatana. Ndiyo maana yaweza kusema “pole sana, najua unavyojisikia” pasipo kujua wala kujisikia lolote.

Jambo hili si geni kama lionekanavyo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliitangaza programu yake iitwayo ELIZA, iliyoweza kujifanya daktari wa maradhi ya nafsi kwa kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe kwa namna ya swali. Ulikuwa ni ufundi mwepesi tu. Hata hivyo karani wake, aliyemwona akiiunda kwa miezi mingi, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani awaache peke yao. Bwana huyo alishtuka sana, na mwaka 1976 akaandika kitabu kizima kuonya kwamba ziko kazi ambazo mwanadamu hapaswi kuikabidhi mashine, hata kama mashine yaweza kuzifanya.

Onyo lake ni la haki. Lakini kisa hiki kina upande wa pili, nao watuhusu vilevile. Kwa nini karani yule alitaka faragha ili aseme na kitu kisicho na roho? Huenda ni kwa kuwa mashine haicheki, haisengenyi, haikunji uso, wala haichoki kuulizwa swali lile lile mara kumi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ahitaji hasa mahali pa namna hiyo: mahali pa kukosea pasipo kuchekwa. Laiti tungekuwa na mwalimu mmoja kwa kila watoto kumi, asingeihitaji mashine. Lakini sote twayajua madarasa yetu yalivyojaa.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza, basi, ni mazoezi ya faragha. Tuseme mwanafunzi ameambiwa kesho aeleze mbele ya darasa jinsi mvua inavyotokea. Usiku huo, akiwa na mzazi au ndugu mwenye simu, aweza kuandika maelezo yake kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili, na kuomba apewe sentensi tano fupi zenye maana ile ile. Azisome kwa sauti mara tatu, kisha aulizwe maswali na mashine kama atakavyoulizwa na wenzake. Kesho yake atasimama akiwa amekwisha kukosea mara kadha mahali pasipo na mtu wa kumcheka. Ujasiri aghalabu ni mazoezi ambayo watu hawakuyaona.

Faida ya pili ni masahihisho yenye kipimo. Insha iliyorudishwa ikiwa nyekundu tupu haimfundishi mtoto kitu. Humwambia tu kwamba ameshindwa. Mashine nayo, ikiachwa ifanye ipendavyo, huiandika upya insha nzima kwa Kiingereza cha fahari ambacho mtoto haelewi, na hilo ni baya zaidi. Lakini ikipewa amri ya busara hutumika vema. Mwalimu aiambie hivi: onyesha makosa mawili tu yaliyo makubwa, eleza kwa Kiswahili chepesi kwa nini ni makosa, usiandike upya chochote, kisha taja sentensi moja iliyo nzuri, na useme uzuri wake uko wapi. Makosa mawili mtoto huyabeba. Makosa thelathini humvunja mgongo.

Faida ya tatu ni daraja la Kiswahili. Mwanafunzi asiyeelewa somo la chembe hai kwa Kiingereza aweza kuelezwa kwanza kwa lugha yake, kisha kwa Kiingereza chepesi, kisha kwa Kiingereza cha kitabu. Hapo mwalimu awe macho, maana mashine hizi hazikijui Kiswahili kama zinavyokijua Kiingereza. Mara nyingine hubuni istilahi zisizotumiwa na mtu yeyote. Asilipeleke darasani jambo lolote alilopewa na mashine kabla hajalisoma mwenyewe.

Faida ya nne ni kuzungumza juu ya hisia zenyewe. Si rahisi kumwuliza mtoto mbele ya wenzake, “Je, waona aibu?” Lakini mwalimu aweza kuiomba mashine itunge mchezo mfupi wa kuigiza, kwa Kiingereza cha kiwango cha darasa lake, juu ya kijana aliyekosea neno na wenzake wakamcheka, na mmoja wao akamtetea. Wanafunzi wauigize, kisha waulizwe: huyu aliyecheka alitaka nini? Aliyechekwa angefanya nini? Hapo watajifunza maneno ya Kiingereza ya woga, haya, hasira na huruma, na papo hapo watakuwa wamesema yaliyo nyoyoni mwao kwa kinywa cha mtu mwingine. Wazee wetu walifundisha kwa njia hiyo hiyo, kwa hadithi za Sungura na Fisi.

Faida ya tano ni ya mwalimu mwenyewe, nayo husahauliwa. Hisia za darasa huanzia kwa aliyesimama mbele. Mwalimu aliyesahihisha madaftari sitini hadi usiku wa manane huingia darasani asubuhi moyo ukiwa umekauka, na neno lake la kwanza huwa kali. Kama mashine yaweza kumwandalia kifungu kimoja cha kusoma kwa daraja tatu za ugumu, au mazungumzo yanayotokea katika kituo cha daladala badala ya theluji ya London, ikampatia saa mbili za kulala, basi imewasaidia watoto hata kama wao hawajaigusa.

HATARI ZAKE

Hatari ya kwanza ni sifa za uongo. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mashine hizi zina tabia ya kumpendeza anayezitumia. Mwezi wa Aprili 2025 OpenAI yenyewe ililazimika kuliondoa toleo jipya la ChatGPT kwa kuwa lilizidi mno kwa kuwasifu na kukubaliana na watu. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba insha yake ni bora, na ilhali si bora, atautambua ukweli siku ya mtihani wa kidato cha nne, na maumivu yake yatakuwa makubwa kuliko yale aliyoepushwa.

Hatari ya pili ni kuuficha woga badala ya kuuponya. Hakuna aliyejifunza kuogelea mchangani. Lugha ni ya watu kwa watu. Mwanafunzi akizoea kusema na mashine tu, atakuwa hodari chumbani na bubu sokoni. Mazoezi ya faragha yawe ngazi ya kupandia, na kila ngazi ina mwisho wake. Asiyeshuka upande wa pili hajafika.

Hatari ya tatu ni mashine za kupeleleza nyuso. Zimetungwa programu zidaizo kwamba zaweza kutazama sura ya mwanafunzi au kusikiliza sauti yake na kusema kama ana furaha, hofu au uchovu. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili mnemba ya mwaka 2024, umekataza kutumia mashine kukisia hisia za watu kwa alama za miili yao katika shule na mahali pa kazi, isipokuwa kwa ajili ya tiba au usalama. Nayo marufuku hiyo imeanza kufanya kazi tarehe 2 Februari 2025. Sisi tuna sababu yetu zaidi ya kuzikataa. Katika malezi yetu mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa adabu. Haya ni sifa. Asiye na haya husemwa. Mashine iliyofundishwa kwa nyuso za watu wa kwingine itaiona adabu hiyo na kuiandika kuwa ni huzuni au kutojali. Hata mwalimu mgeni wa kijiji hukosea katika jambo hili, lakini mwalimu aweza kukaa akajifunza.

Hatari ya nne ni siri za watoto. Karani wa Weizenbaum alikuwa akiongea na programu ya mtu mmoja. Programu za leo ni mali ya makampuni makubwa, na yale mtoto anayoyaandika huweza kuhifadhiwa mbali na nchi yake. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na shule hazina budi kuiheshimu. Jina la mtoto, jina la shule, habari za nyumbani kwao, visiandikwe humo. Na ikitokea kwamba mtoto ana jambo zito, amepigwa, ametishwa, au amekata tamaa ya maisha, hapo si mahali pa mashine kamwe. Hapo ni mahali pa mwalimu wa malezi na unasihi, na pa mzazi.

Hatari ya tano ni dhuluma ya kusingiziwa. Baadhi ya shule ulimwenguni hutumia programu za kugundua kama insha imeandikwa na mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipitisha insha 91, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, katika programu saba za namna hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine, na kumbe ziliandikwa na binadamu. Sababu ni kwamba mwenye maneno machache huandika sentensi nyepesi, na wepesi huo wafanana na wa mashine. Fikirini, ndugu wasomaji, moyo wa mtoto aliyejitahidi wiki nzima akaandika insha yake ya kwanza iliyonyoka, kisha akaitwa mwizi kwa sababu imenyoka.

Hatari ya sita ni kuongeza pengo. Katika shule nyingi za Serikali mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, na ziko shule zisizo na umeme wa kutegemewa wala intaneti. Kama dawa ya woga itakuwa ni ya wenye simu peke yao, basi mtoto wa mkulima atazidi kunyamaza, na mtoto wa mwenye mali atazidi kusema.

IFANYWEJE?

Kwanza, mashine iwe chombo cha mwalimu kabla haijawa chombo cha mwanafunzi. Shirika la UNESCO, katika mwongozo wake wa Septemba 2023, lilishauri kwamba umri wa miaka 13 uwe mpaka wa chini wa kuitumia darasani, na walimu wafundishwe kabla. Kompyuta moja katika ofisi ya walimu, na karatasi zilizopigwa chapa, zaweza kulihudumia darasa zima pasipo mtoto hata mmoja kuwa na simu. Michezo ya kuigiza, mazungumzo ya kufanyia mazoezi, vifungu vya daraja tatu, vyote hivyo huandaliwa mara moja na kutumiwa na wengi.

Pili, yako mambo yanayoponya woga kuliko mashine yoyote, nayo hayana gharama. Mwalimu akiuliza swali, asubiri kidogo kabla ya kumtaja mtu. Awaache wanafunzi wazungumze wawili wawili, hata kwa Kiswahili, kabla ya kusema mbele ya wote. Aweke kanuni moja tangu siku ya kwanza: darasani humu hatumcheki anayejaribu. Na yeye mwenyewe awe wa kwanza kuishika, maana kicheko cha mwalimu huuma kuliko cha watoto hamsini.

Tatu, wakuu wa shule wavichome moto vibao. Haiwezekani kumtuliza mtoto kwa mkono mmoja na kumvisha kibao shingoni kwa mkono wa pili. Wazazi nao waache kumpima mtoto kwa Kiingereza chake mbele ya wageni. Mtoto si redio ya kuwafurahisha watu sebuleni.

Nne, wenye madaraka ya elimu waendelee kulijibu swali la lugha ya kufundishia kwa uwazi na kwa hoja, wala wasijifariji kwamba mashine imelimaliza. Mashine haiwezi kuamua kwa niaba ya taifa mtoto wake ajifunze sayansi kwa lugha gani.

Twasema haya pasipo chuki juu ya Kiingereza. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa na mzigo wote wa kuongoza nchi changa, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Julius Caesar wa Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Alizichukua kazi za mshairi mkubwa wa Waingereza akazisemesha Kiswahili. Mtu afanyaye hivyo ameijua lugha ya watu mpaka ndani, wala hakuiogopa, na ya kwake hakuionea haya. Huo ndio mfano tunaoutaka kwa watoto wetu. Mashine itusaidie kuwafikisha huko, ikae mahali pake pa chombo. Na kazi ya kumtia mtoto moyo ibaki mikononi mwa watu wanaomjua jina lake, na watakaosikitika kweli akishindwa.